Céilí haichezwi na mtu mmoja

Kila inapokaribia tarehe 17 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Patrick, simu yangu hujaa video za Waayalandi wakicheza. Video sina neno nazo. Neno langu ni na maelezo yanayobandikwa chini yake. Ya mwaka huu ilikuwa ya kijana mmoja juu ya ubao, mikono inaning'inia, miguu inapiga mbao kama mchi unaotwanga kwa haraka, na chini yake mtu kaandika: "Kijana akicheza céilí, ngoma ya kale ya Ayalandi." Sentensi fupi namna hiyo, na makosa mawili ndani yake.

Maana tuimalize upesi. Céilí, hutamkwa kei-lii, ni mkusanyiko wa watu waliokuja kucheza pamoja muziki wa asili wa Ayalandi, siku hizi kwa kawaida ukumbini, bendi ikipiga. Ni shughuli. Mtu huenda harusini akala, akacheza na kupiga soga, lakini hakuna anayesema fulani "anacheza harusi". Nadhani mteremko wa kosa hili umo ndani ya Kiswahili chetu wenyewe: ngoma kwetu ni chombo kinachopigwa, ni uchezaji, na ni shughuli yenyewe ("leo usiku kuna ngoma kwa kina Mwanaidi"). Ukitafsiri céilí kwa ngoma, umeteleza bila kujua. Ni kweli zipo "ngoma za céilí", nami nitazifikia, maana kisa chenyewe kimelala hapo.

Shina la neno ni céile, mwenzi. Kiayalandi cha leo kimejaa neno hilo. Fear céile ni mume, yaani mwanamume aliye mwenzi. Bean chéile ni mke. Le chéile ni pamoja. Hata kile tunachokimaliza sisi kwa kiambishi kidogo cha -ana, kwenye pendana na saidiana, wao hukisema kwa neno lilelile: a chéile. Hapo ndipo lilipotoka céilí, kwenda kwa mwenzio. Ningepewa neno moja tu la kulifasiri, ningechukua kutembeleana.

Na ndivyo lilivyotumika. Kaskazini mwa kisiwa, Ulster, mtu aliyesema anakwenda céilí alikuwa amemaliza kazi za shamba, amekula viazi vyake, anavuka uwanja kwenda kwa jirani kuota moto. Huko kuna habari za nani kafa na nani kapanda meli kwenda Marekani, kuna hadithi, kuna karata. Fidla ikiwepo itapigwa. Isipokuwepo, céilí imetimia vilevile na hakuna aliyeinua mguu.

Tena si Ayalandi nzima iliyotumia neno hilo. Magharibi, Connacht, kukesha kwa jirani kuliitwa airneán. Kusini, Munster, walisema scoraíocht, na wengine wa Cork na Kerry wakasema bothántaíocht, kutoka bothán, kibanda. Ni kama kusema kuzurura vibandani. Hilo la mwisho nalipenda, kwa sababu mtu wa pwani anaposema anakwenda barazani naye hutaja mahali akimaanisha maongezi. Na baraza nalo lilianza kama kiti cha mawe mbele ya nyumba, leo lina mawaziri. Maneno husafiri, sigombani na hilo. Safari ya céilí, hata hivyo, ilipita mahali ambapo wengi hawapatarajii: London.

Njaa Kuu ya 1845 hadi 1852 iliua watu wapatao milioni moja na kuwatawanya wengine zaidi ya milioni moja ng'ambo. Walioumia zaidi ni maskini wa magharibi, wale wale waliosema Kiayalandi, na miongoni mwao wapiga fidla, wapiga zumari za mfuko, na walimu wa kucheza waliokwenda kijiji kwa kijiji. Mwaka 1893 ukaundwa Dublin Umoja wa Kigaeli, Conradh na Gaeilge, kwanza kabisa kwa ajili ya kuokoa lugha. Tawi lake la London lilikuwa la watu walio mbali na kwao, na katibu wake, Fionán Mac Coluim, alikuwa amehudhuria jioni za Waskoti waliokuwa mjini humo. Lugha ya Waskoti hao ni ndugu ya Kiayalandi, na jioni zao waliziita kwa neno lilelile. Akavutiwa. Tarehe 30 Oktoba 1897, katika ukumbi wa Bloomsbury, Umoja ukafanya ya kwake, na hiyo ndiyo huhesabiwa kuwa céilí ya kwanza ya kuchezwa ukumbini. Reli ya Mombasa ilikuwa imeshaanza kujengwa mwaka mmoja kabla. Hilo ndilo kosa la "ngoma ya kale".

(Tahajia nayo hupoteza watu. Zamani iliandikwa céilidhe au céilidh. Miaka ya 1940 Waayalandi walipunguza herufi zisizotamkwa katika lugha yao, ikabaki céilí. Waskoti hawakuhusika na mageuzi hayo, kwa hiyo wao bado ni cèilidh. Hakuna aliyekosea.)

Na usiku ule Bloomsbury walicheza nini? Seti, kwadrili na waltz, zote dansi za jozi, juu ya muziki wa Kiayalandi. Natamani kila anayesema "céilí halisi" angelijua hili, kwa sababu muda si mrefu Umoja uleule ukaanza kuuliza ni ngoma ipi iliyo ya Kiayalandi kweli, na seti zikatolewa nje. Kosa la seti lilikuwa nasaba. Seti, jozi nne za wachezaji zinazotazamana katika umbo la mraba, zilitokana na kwadrili za Kifaransa zilizoenea karne ya 19. Wanavijiji walikuwa wameshazitia hatua zao na kuzipigia reli na jigi zao (hizo ni aina mbili za nyimbo za kuchezea; reli hii si ile ya Mombasa), zikawa mali yao kama viazi, ambavyo navyo havikuotea Ayalandi tangu mwanzo. Umoja haukutazama hilo. Ukaenda kwa walimu wa kucheza, mmojawapo Patrick Reidy, mtu wa Castleisland huko Kerry aliyekuwa akifundisha London, ukakusanya ngoma za mistari na za duara. Baadaye tume ya kusimamia uchezaji, An Coimisiún, ikaziandika vitabuni, zikafika 30, na mwalimu anayetaka cheti sharti azijue. Ballaí Luimnigh, yaani Kuta za Limerick, ni mojawapo. Hizo ndizo ngoma za céilí, na hapo ndipo jina la shughuli lilipogeuka jina la aina.

Kinachonikera hasa ni hiki. Mkulima wa Clare, kaunti ya magharibi, aliyecheza seti jikoni kwa jirani, watu wanane kwenye sakafu ya mawe na fidla pembeni, alikuwa anafanya kile neno céilí lilichomaanisha tangu awali. Yeye ndiye aliyeambiwa kuwa mchezo wake ni wa kigeni.

Sheria nayo ikamfuata. Mwaka 1935 Bunge la Dublin lilipitisha sheria ya kumbi za dansi: kucheza hadharani kukataka kibali cha mahakama. Sheria ilisema hadharani, lakini mapadri na polisi wa sehemu nyingi waliitumia hata dhidi ya dansi za nyumbani na za njia panda. Watu wakahamia kumbi, nyingi zikiwa za parokia. Fidla moja iliyotosha jiko haisikiki mbele ya watu mia tatu, kwa hiyo bendi za céilí zikastawi: fidla kadhaa, filimbi, kodiani, piano na ngoma za miguu na vijiti. Mtu anayeamini kuwa piano na ngoma zile ni urithi wa enzi za kale aelezwe taratibu kwamba zilikuwa dawa ya ukumbi mkubwa. Hata hivyo Kilfenora na Tulla, bendi mbili za Clare, ukizisikia utasamehe sheria nyingi.

Kuhusu Riverdance, onyesho la dansi ya Kiayalandi lililovuma duniani, sitasema mengi. Ilianza kama dakika saba za mapumziko ya Eurovision, shindano la nyimbo la Ulaya, Dublin, 30 Aprili 1994, na imetoka katika uchezaji wa mashindano: mgongo wima, mikono imebanwa ubavuni, viatu vigumu. Si céilí. Wala haikuufufua muziki uliokufa. Chama cha wanamuziki, Comhaltas, kilikuwa kimeshafungua mlango huo Mullingar mwaka 1951, na tangu 1973 watu hukusanyika kila Julai Miltown Malbay, huko huko Clare, kujifunza katika shule iliyopewa jina la mpiga zumari Willie Clancy.

Nenda Miltown Malbay wiki hiyo, uone bango la céilí mlangoni, uingie. Bendi ya céilí jukwaani, na sakafuni jozi nne nne zinatazamana. Ni seti. Zilipata uhai mpya miaka ya 1980, zikarudi kwenye sakafu zilikofukuzwa, na sasa ndizo zinazoujaza ukumbi chini ya jina la waliozifukuza. Hakuna anayeonekana kujali. Wana jasho mno.

Kijana wa kwenye video, kwa jinsi mikono yake ilivyolegea na miguu isivyoachana na ubao, alikuwa anacheza sean-nós, mtindo wa zamani unaohusishwa zaidi na Connemara, huko magharibi, ambao mtu huucheza peke yake. Aliyeandika maelezo hakuwa na nia mbaya, na kwa sean-nós hata "ya kale" lake ningelipitisha. Abadilishe neno moja tu. Na kama hana uhakika na la kuweka, Kiswahili kinamtosha: kijana anacheza.