Kabla hujaongeza busti, fumua kazi ya aliyekutangulia

Mtu akinunua gari ya projekti ambayo tayari ina tabo, ile mashine inayozungushwa na gesi za ekzosi na kushindilia hewa kwenye injini, ombi lake la kwanza huwa "fundi niongezee busti kidogo", yaani presha ya hiyo hewa. Mi huwa nakataa, na sio kwamba naogopa nguvu, kujenga gari za tabo ndo kazi yangu na naipenda kweli, ila nimeshaona mara nyingi sana kwamba kinachoua hizi gari sio tabo wala busti yenyewe, ni vitu vidogovidogo vilivyofungwa na mtu mwenye haraka: mpira umekunjwa, waya mwembamba, silikoni imejazwa kwenye flanji, pumzi ya injini imezibwa kwa bolti. Injini isiyo na tabo inaweza kubeba uzembe huo miaka na miaka bila kulalamika. Ukishaweka tabo haibebi tena, kwa sababu joto limepanda, presha imepanda, na mahitaji ya petroli yamepanda, vyote kwa pamoja.

Hii iliyopo juu ya stendi sasa hivi ni mfano mzuri. Injini ni 2JZ-GE, silinda sita za mstari, lita 3.0, ile ambayo kiwandani haikutoka na tabo. Kuna mtu akaitengenezea manifodi, akaifunga tabo, intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo) na kompyuta ya kuprogramu, kisha akaiuza. Malalamiko ya mwenye gari ni mawili: ikiwa sailensa, yaani inaunguruma tu bila kukanyagwa, inatoa moshi wa bluu, na ukikanyaga inavuta vizuri mpaka katikati afu huko juu inakuwa nzito na kumisi. Alishaambiwa tabo imekufa anunue nyingine.

Tuanze na moshi, maana hapa ndo watu wanatupa pesa. Oili inaingia kwenye tabo kwa presha ya pampu ya injini, lakini kutoka haisukumwi na kitu chochote, inashuka kwa uzito wake tu mpaka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Tena ikitoka imeshachanganyika na hewa, ina povu, kwahiyo inahitaji nafasi kubwa kuliko unavyodhani ukiangalia kipenyo cha paipu ya kuingilia. Na sili za ndani ya tabo sio sili za mpira kama za krenki, ni ringi ndogo za chuma zinazofanana na ringi za pistoni, hazikutengenezwa kuzuia oili iliyojaa. Oili ikishindwa kushuka inajaa katikati ya tabo, inapita kwenye hizo ringi, inaingia upande wa ekzosi na kuungua, na wewe unaona bluu nyuma.

Sasa huyu bwana aliyefunga alichomelea nipo (kipande cha bomba cha kuunganishia mpira) ya kurudishia oili kwenye sampu chini kabisa, chini ya usawa wa oili yenyewe. Yaani oili inayorudi kutoka kwenye tabo inakutana na oili iliyokaa. Juu ya hapo mpira wake umekunjwa kukwepa mguu wa injini, na kwenye flanji kamwaga silikoni kiasi kwamba nusu ya tundu imezibwa. Ukitaka kujua tabo yenyewe kama ni nzima toa paipu ya hewa, shika shafti kwa vidole. Kwenye tabo ya bushi kucheza kidogo kwenda pembeni ni kawaida, ile nafasi ndo oili inakaa, ila bapa zisiguse nyumba yake, na kucheza mbele nyuma usikusikie kwa mkono. Hii ilikuwa nzima kabisa! Mtu angenunua tabo mpya, angeifunga kwenye mpira uleule, na moshi ungerudi siku ileile.

Dawa yake ni kushusha sampu, kuziba lile tundu, na kuchomelea nipo mpya juu ya usawa wa oili. Mpira wa kurudishia uwe na kipenyo cha ndani kisichopungua milimita 16, ushuke karibu wima, ukilala usizidi nyuzi 35 kutoka wima, na pasiwe na mahali unapanda hata kidogo kabla ya kushuka. Kwenye flanji naweka gasketi, silikoni hapana. Silikoni inayobinyikia ndani ina tabia ya kukatika vipande, vipande vinaenda mpaka kwenye chujio la pampu ya oili, na hapo hujaua tabo tu, umeua na metali za krenki. Tulivyoshusha sampu vipande tulivikuta vipo kwenye chujio. Ukinunua gari ya namna hii ukaona silikoni imetokezea nje kwenye viungo vya oili, jua iliyotokezea ndani ni kiasi kilekile, na sampu ishuke kabla hujaiendesha. Hiyo tepu nyeupe ya mafundi bomba nayo isionekane popote kwenye paipu ya oili ya tabo, nyuzi zake zinakatika na kuziba tundu dogo la kuingilia, afu shafti inayozunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika inabaki kavu.

Kuna sababu ya pili ya moshi huohuo ambayo watu wanaisahau, pumzi ya injini. Kuna gesi siku zote inapenya kwenye ringi za pistoni kwenda chini, ukiweka busti inaongezeka, na lazima itoke. Pale tapeti kava mtu alikuta mipira inatema oili akaona inachafua injini, akaiziba kwa bolti na klempu. Presha ikajengeka kwenye sampu, na oili inayotaka kushuka kutoka kwenye tabo ikakuta inasukumwa irudi juu. Nimefungua zote, nimeweka mipira minene miwili mpaka kwenye kopo la kukamata oili, na kutoka kopo inarudi kwenye paipu ya hewa kabla ya tabo. Ile valvu ya pumzi inayoelekea kwenye manifodi ya hewa lazima ipitishe upande mmoja tu, ikiwa imechoka busti inaingia moja kwa moja kwenye sampu.

Moshi umeisha hapo, tabo ni ileile.

Haya, huku juu kwenye kumisi ndo kuna hatari ya kweli, kwa sababu moshi unakuaibisha tu lakini uhaba wa petroli unatoboa pistoni. Petroli inaungua kikamilifu kwa uwiano wa hewa 14.7 kwa petroli 1, ila chini ya busti tunataka nzito zaidi, yaani petroli nyingi zaidi kwa hewa ileile, kati ya 11.5 na 12, ili kupooza chumba cha mwako. Nikafunga sensa ya waidibendi, inayopima huo uwiano kwenye ekzosi, nikapakua logi, yaani rekodi ya vipimo: katikati ilikuwa 11.8, ikipanda juu inaelekea 13.5 na kuzidi. Hapo nikatoa mguu. Mtu mwingine angefungua laptopu na kuongeza petroli kwenye ramani, na gari ingeonekana imepona, lakini ungekuwa umeficha ugonjwa. Kwanza pima.

Nikapima umeme. Kwenye altaneta volti 14, kwenye pampu ya petroli ndani ya tanki injini ikiwa inavuta volti 11.2. Pampu kubwa imewekwa mpya, nzuri tu, lakini inalishwa na waya wa kiwandani uliotengenezewa pampu ndogo, na kiungo kimoja kimesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu. Volti zikishuka pampu inazunguka polepole, inatoa petroli kidogo, na inafanya hivyo wakati ule hasa injini inapoihitaji zaidi. Nimevuta waya wa milimita za mraba 4 kutoka kwenye betri, fyuzi karibu na betri, rilei nyuma, na ardhi yake nzuri kwenye bodi iliyokwanguliwa rangi. Sasa hivi inasoma 13.6.

Afu regyuleta ya presha ya petroli. Hii lazima iunganishwe kwa mpira mdogo na manifodi ya hewa, ili kila busti inavyopanda na presha ya petroli ipande kwa kiasi kilekile. Presha ya msingi ikiwa bar 3, busti ikifika 0.6 kwenye reli unatakiwa uone 3.6. Kwenye hii gari ule mpira haukuwepo, kapachikwa kofia. Maana yake busti ya 0.6 ilikuwa inasukumana na petroli kwenye mdomo wa nozeli, presha halisi inayofanya kazi inabaki 2.4 badala ya 3, na kwa kuwa mtiririko unafuata kipeuo cha pili cha presha unapoteza kama asilimia 10 ya petroli bila kompyuta kujua lolote. Changanya na pampu iliyochoka volti utaelewa ile logi.

Nasisitiza hivi kwa sababu ya kompresheni ya hii injini. 2JZ-GTE iliyotoka kiwandani na tabo ina 8.5 kwa 1, hii GE ya zamani isiyo na VVT-i (mfumo wa kubadilisha taimingi ya valvu) ina 10 kwa 1. Kompresheni ikiwa juu hewa inashindiliwa na kupata moto zaidi, na mchanganyiko badala ya kuungua kwa utaratibu kuanzia kwenye plagi unajilipua wenyewe kwenye kona za silinda. Hiyo ditonesheni inavunja kuta zinazoshika ringi kwenye pistoni, na huku ndani ya gari na ekzosi inalia hausikii kitu. Sio jambo geni: Oldsmobile Jetfire ya mwaka 1962, moja ya gari za abiria za mwanzo kabisa kuuzwa na tabo, ilikuwa na kompresheni ya 10.25 kwa 1 na kiwanda kililazimika kuiwekea tanki la mchanganyiko wa maji na methanoli unaonyunyizwa kwenye hewa ili isijilipue. Wahandisi wa kiwanda waliliheshimu jambo hili, na wewe mwenye 10 kwa 1 na intakula ya kununua liheshimu.

Kufungua injini sijafungua. Nimepima kompresheni throto ikiwa wazi kabisa, silinda zote sita ziko ndani ya asilimia 10, nikapima na uvujaji na hakuna iliyozidi asilimia 10. Injini yenye namba hizo haina sababu ya kufunguliwa eti kwa sababu gari ni projekti. Ikija siku ya kutaka nguvu kubwa tutafungua, tutaweka pistoni za kufuliwa (forged), na pengo la ringi tutalikata upya maana busti inazipa ringi joto zinatanuka, kwa silinda ya milimita 86 kama hii tunazungumzia kama milimita 0.43 kwa ringi ya juu, ncha zikigusana ndo pistoni inapasuka. Kwa leo bloku hii inabaki kwenye busti ya bar 0.5 mpaka 0.6.

Uvujaji wa hewa ni kazi fupi: ziba mdomo wa tabo, jaza hewa taratibu mpaka kiwango cha busti yako, pulizia maji ya sabuni kila kiungo. Tulikuta viwili, vyote ni klempu za bisibisi zilizokata mpira, nimebadilisha za bolti. Mpira mdogo wa westigeti uliofungwa kwa zipu tai ya plastiki nao nimeutoa, maana ule ukichomoka kitu kinachozuia busti kinakosa taarifa na busti inapanda mpaka kitu kivunjike.

Manifodi ya ekzosi ilikuwa na ufa kwenye weldi, na ulikuwepo kwa sababu uzito wote wa tabo na bomba unaning'inia hapo. Gesi zinapita na nyuzi 900 za joto, chuma kinatanuka na kusinyaa kila safari, afu bado unakipa mzigo. Kuchomelea ufa peke yake ni kurudia kazi baada ya muda mfupi. Nimetengeneza mkono wa kubeba tabo unaoshika kwenye bloku, na kwenye bomba nimeweka kipande kinachonyumbuka.

Waya za injini ndo zimenila muda kuliko vyote na bado sijamaliza. Kila kiungo kilichosokotwa nakata na kubana upya kwa koleo lenyewe, na neli ya kusinyaa yenye gundi ndani, solda (risasi ya kuunganishia waya) naikwepa sehemu zenye mtikisiko kwa sababu pembeni ya solda waya unakuwa mgumu na unakatikia hapo. Ardhi za sensa nimezitenganisha na ardhi za koili na nozeli, zilikuwa zimefungwa bolti moja, na ngao ya waya wa sensa ya krenki nimeiunganisha upande mmoja tu. Sensa ya krenki ikipata kelele za umeme huko juu kompyuta inapoteza hesabu ya taimingi, yaani wakati wa kurusha cheche, na mwenye gari anaona kumisi analaumu plagi. Plagi nazo zilikuwa na pengo la milimita 1.1, nimefunga nyingine za pengo la 0.7, za baridi hatua moja, kwa sababu cheche inapata shida kuruka kwenye hewa iliyoshindiliwa.

Waya zikiisha gari inaenda kwenye dyno (mashine ya kupimia nguvu ya gari) kwa springi ya westigeti peke yake, kontrola ya busti ikiwa imechomolewa, taimingi nimeirudisha nyuma, logi ya presha ya petroli, ya uwiano na ya ditonesheni zote zikiwa zinaandikwa. Kama presha ya petroli juu ya busti inabaki bar 3 bila kutetereka mpaka mizunguko 6,500, nitaanza kusogeza taimingi mbele nyuzi moja moja. Mwenye gari ameshaniuliza tena kuhusu busti, nimemwambia asubiri hiyo logi tuiangalie pamoja.