Taa ya injini: inachosema na isichokisema, hata gari likiwa jipya

Ukifungua swichi ya gari kabla ya kupiga stata, kwenye dashibodi hutokea kipicha cha injini cha rangi ya manjano. Injini ikishika, kipicha huzimika. Kuwaka huko kwa mwanzo kumewekwa kwa makusudi, dereva aone kwamba taa yenyewe nzima. Kwa hiyo unaponunua gari lililoshuka karibuni bandarini Malindi, hapa Unguja, anzia hapo: taa isiyowaka kabisa swichi ikifunguliwa itie wasiwasi, huenda kuna mtu ameifunga ili usione kitu.

Kipicha kinachobaki, au kinachowaka gari liko njiani, ndicho tunachokiita taa ya injini. Gerejini utasikia zaidi "cheki injini".

Ndani ya gari mna kompyuta ndogo inayoiongoza injini. Inapokea vipimo kutoka kwenye sensa nyingi, yaani vifaa vidogo vya kupimia: hewa kiasi gani inaingia, maji yana joto gani, oksijeni kiasi gani imebaki kwenye moshi. Kila kipimo kimewekewa mipaka. Kikitoka nje ya mipaka, kompyuta huandika namba ya kosa na kuwasha taa. Makosa mengi husubiriwa yajirudie safari ya pili kwanza. Basi taa haisemi kwamba injini imekufa, wala haitaji kifaa kilichoharibika. Inasema kuna jambo limeandikwa, lisomwe.

Asili yake inasaidia kuielewa. Mpango huu wa namba za pamoja ulilazimishwa kwa magari mapya Marekani kuanzia mwaka 1996, na kwa magari ya petroli Ulaya kuanzia 2001, na shabaha kubwa ilikuwa moshi: gari lijichunguze lisichafue hewa. Ndiyo maana gari linaweza kuwaka taa na bado likaenda vizuri kabisa, lina nguvu, halitetemi, maji hayapandi joto. Dereva akisema "mbona gari halina kitu", na fundi akisema "mbona taa inawaka", wote wawili wanaweza kuwa wakweli.

Mimi taa iliniwakia nikirudi Nungwi, nimeshapita Kinyasini. Gari lilikuwa na kilomita 9,000 tu. Roho iliniruka, kwa sababu gari la umri huo mtu hulihesabu kuwa halina maradhi. Fundi wa kwanza alichomeka kile kifaa cha kusomea namba za makosa, akaona P0171, akaniambia moja kwa moja: "Sensa ya oksijeni imekufa, ninunulie nyengine." Akanitajia na bei.

Hapo ndipo pesa za watu wengi zinapopotelea, kwa hiyo niieleze namba hii vizuri. P ina maana ya injini na gia. Magari yana pia herufi za bodi, za chini ya gari na za mawasiliano ya kompyuta zenyewe. P0171 inasema mchanganyiko ni mwepesi: hewa nyingi, petroli kidogo. Injini ya petroli hutaka takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya petroli. Sensa ya oksijeni hukaa kwenye bomba la moshi na kutoa habari ya kilichobaki baada ya kuungua. Ikiona oksijeni imezidi, kompyuta huongeza petroli; ikiongeza mpaka ikafika mwisho wa ruhusa yake na bado oksijeni imezidi, inaandika P0171.

Sasa fikiri. Sensa ndiyo iliyoleta habari. Kuibadilisha kwa sababu hiyo ni kumpiga mjumbe. Oksijeni inaweza kuzidi kwa sababu mpira wa hewa umepasuka, kipima hewa kimeshika vumbi, pampu ya petroli imechoka, au bomba la moshi linavuja kabla ya kufika kwenye sensa. Sensa yenyewe nayo huweza kuharibika, sikatai, lakini kwenye gari la kilomita 9,000 singeanzia huko.

Nikaenda kwa fundi mwengine, mtu mzima, Mwanakwerekwe. Yeye hakushika spana kwanza. Aliniuliza:

"Mwanangu, gari hili limeguswa wapi siku hizi?"

"Limebadilishwa filta ya hewa juzi, mzee wangu."

Akafungua boneti, akapitisha mkono kwenye mpira unaotoka kwenye boksi la filta kwenda kwenye injini. Klipu ilikuwa imekaa juu juu, haikubana. Hewa ilikuwa inaingia hapo bila kupimwa.

Swali lile ni muhimu kuliko kifaa cha kusomea. Gari lililo karibu na jipya mara nyingi haliwashi taa kwa uchakavu. Huwasha kwa sababu ya kitu kilichoguswa, kilicholegea au kilichoingiliwa: mfuniko wa tangi la petroli haukufungwa sawasawa, plagi ya waya haikurudishwa mpaka ikalia, betri imedhoofika gari likikaa miezi kwenye meli na yadi. Hapa kwetu kuna mengine mawili. Hewa ya chumvi hutia ukijani kwenye viungo vya waya, hasa kwa magari yanayolala upande wa pwani, Paje au Makunduchi. Na panya, ambao hupenda kujificha kwenye injini yenye joto usiku na kutafuna waya. Hawaangalii gari limetoka lini Japani.

Kuna hali moja ambayo haingoji swali. Taa ikiwa inapepesa, inawaka na kuzima huku gari linatetema, injini inakosa moto kwenye silinda moja au zaidi. Petroli isiyoungua inakwenda kwenye masega, kile kisafisha moshi kilichomo kwenye bomba, na kuyachoma. Punguza mwendo, kaa pembeni, zima gari. Masega ni miongoni mwa vitu ghali vya gari, ndani yake mna madini kama platinamu na paladiamu. Taa nyekundu ya oili au ya joto la maji ni jambo jengine kabisa; hiyo ukiiona, simama hapo hapo.

Taa ikiwaka bila kupepesa unaweza kufika nyumbani taratibu. Kaza mfuniko wa tangi, kisha tafuta mtu wa kuisoma. Tundu la kusomea liko chini ya usukani, lina matundu madogo 16, na vifaa vidogo vya kuunganisha na simu vinatosha kwa kazi hii. Andika namba, au ipige picha. Nakusihi usikubali mtu akuchomolee betri ili taa izimike. Pamoja na namba, kompyuta huhifadhi hali ya wakati ule kosa lilipotokea: mwendo, joto, mzunguko wa injini. Ukifuta, vyote hivyo vinaondoka, na kama gari bado lina dhamana, umejinyima ushahidi wa kumwonyesha muuzaji.

Kosa likisharekebishwa, si lazima kufuta. Kwa kawaida kompyuta ikipita safari tatu mfululizo bila ya kuliona kosa, huizima taa yenyewe. Mzee alikaza klipu, akakataa kufuta namba, akaniambia niendeshe tu. Siku ya tatu asubuhi, nikiwa Bububu, nikaangalia dashibodi na kipicha hakipo.