Ugeni Dar es Salaam: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Wanaokuja Dar es Salaam kwa mara ya kwanza huambiwa kwamba ukijua Kiswahili umekwisha kuwa mwenyeji. Hiyo ndiyo dhana potofu iliyoota mizizi kuliko zote, nayo huwaumiza wanaoiamini, kwa kuwa mtu anayejiona mpweke katikati ya watu anaoelewana nao huanza kudhani kwamba kasoro ni yake.

Ukweli ni kwamba lugha haitoshi. Kalervo Oberg, mwanaanthropolojia aliyeeleza mshtuko wa utamaduni katika hotuba yake ya mwaka 1954 huko Rio de Janeiro, aliona kuwa chanzo chake ni wasiwasi unaompata mtu anapokosa ishara ndogo ndogo alizozizoea: namna ya kusalimiana, ya kununua vitu, lini kukubali mwaliko na lini kuukataa.

Nililiona jambo hilo Kariakoo nikiwa na mgeni wangu kutoka Nairobi, ambaye amekua akizungumza Kiswahili. Alifika dukani akasema, "Nipe maji." Muuzaji, mama wa makamo, alimtazama kidogo, akamsogezea chupa na kupokea hela bila neno. Aliyefuata, kijana wa rika lake, alianza na "Shikamoo mama," akaitikiwa "Marahaba mwanangu," ndipo akasema, "Naomba maji makubwa," na hadi anaondoka alikwisha kuulizwa habari za nyumbani. Njiani mgeni wangu aliniuliza amemkosea nini yule mama. Hakuwa amemtukana, kwao ombi lile halina ukali wowote, lakini huku "nipe" isiyotanguliwa na salamu, tena kwa mtu mzima, husikika kama amri. Nilisikitika kwamba sikumweleza mapema, maana wenyeji tumezoea mambo haya kiasi cha kutoyaona.

Wapo pia wanaoamini kuwa kuitwa mgeni ni kutengwa, na kuhudumiwa ndiyo dalili ya kupokewa. Kiswahili kina neno hilo hilo moja kwa tusiyemjua na kwa tunayemkaribisha, kwa hiyo anayeitwa mgeni hajafukuzwa. Anayepaswa kujiuliza ni yule ambaye baada ya mwezi bado anaketishwa sebuleni peke yake na soda yake, ilhali wenzake wako uani wanachambua mchele na kucheka. Methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, wengi huichukua kama karipio kwa mvivu. Mimi naiona kuwa ni mlango. Siku atakayokabidhiwa ungo na kuambiwa, "Hebu nisaidie hapa, dada," ndiyo siku ambayo nyumba imeanza kumhesabu.

Dhana nyingine ni kwamba ugeni hufuata hatua maalumu, yaani furaha kwanza, huzuni baadaye, kisha nafuu. Mchoro huo unatokana na kazi ya Sverre Lysgaard ya mwaka 1955 kuhusu Wanorwe waliokwenda Marekani. Hata hivyo, Colleen Ward na wenzake, waliowafuatilia wanafunzi wa Kijapani nchini New Zealand na kuchapisha matokeo yao mwaka 1998, waliona kuwa dhiki ilikuwa kubwa zaidi mwanzoni kabisa. Basi anayelia juma la kwanza si dhaifu kuliko wengine.

Hatimaye hudhaniwa kwamba kurudi kwenu kunaumaliza ugeni, ingawa watafiti John na Jeanne Gullahorn walikwisha kuandika mwaka 1963 kwamba kurejea nako kuna mshtuko wake. Jirani yangu mmoja, mzaliwa wa Magomeni, aliondoka nchini wakati mabasi ya mikoani yakianzia Ubungo. Aliporudi, kituo kikiwa kimekwisha kuhamia Mbezi Luis tangu mwaka 2021, alipanda daladala akashuka Ubungo na begi lake, akamuuliza kijana mmoja mahali pa kukata tiketi ya Morogoro. Kijana alimpokea begi kwa upole, akamwelekeza gari la kupanda, kisha akamuuliza, "Karibu sana, kaka. Umetokea mkoa gani?"