Kisigino cha kiatu cha skwati na kifundo cha mguu wako

Watu ninaowafundisha kunyanyua vyuma huniuliza kwanza kisigino cha kiatu cha skwati, yaani cha kuchuchumaa na kusimama ukiwa na chuma mabegani, kiwe kirefu kiasi gani, ilhali mimi huanza na ugumu wa soli. Raba za kukimbilia zimetengenezwa ili zibonyee, na ulaini huo unaomfaa mkimbiaji humyumbisha anayechuchumaa akiwa na chuma mabegani, kwa sababu soli huzama upande mmoja kuliko mwingine. Visigino vya zamani vilikuwa vya mbao au vya ngozi iliyopangwa tabaka kwa tabaka. Siku hizi vingi ni vya plastiki ngumu. Kibonyeze kisigino kwa kidole gumba kwa nguvu zako zote, na kikiingia ndani, achana na kiatu hicho.

Viatu vingi vya kazi hii huinua kisigino kwa milimita 15 hadi 22. Kipimo cha kuangalia ni tofauti kati ya kisigino na sehemu ya mbele ya soli, si kimo kinachoonekana kwa nje, na hapa wanunuzi wengi hukosea. Ili ushuke chini huku mgongo umesimama, goti halina budi kusogea mbele, na goti husogea kadiri kifundo cha mguu kinavyokubali kukunjika. Kifundo kikigoma, ama kisigino hung'oka sakafuni, ama kifua huinamia mapajani. Kisigino kilichoinuliwa hukiongezea kifundo nafasi hiyo.

Jipime kabla ya kununua. Ukiwa pekupeku, weka kidole gumba cha mguu sentimita 10 kutoka ukutani, kisha upeleke goti mbele bila kuinua kisigino. Goti likigusa ukuta bila shida, huenda hata soli bapa ikakutosha. Likishindwa hata kwa sentimita 5, milimita 20 hivi zitakusaidia sana, ingawa kunyoosha kifundo kusikome. Kuna kijana niliyekuwa namfundisha, mwenye mapaja marefu, ambaye kila akishuka chuma kilimvuta mbele. Nilimwekea sahani nyembamba za uzito, zile zinazovishwa kwenye chuma, chini ya visigino, na papo hapo kifua kikainuka. Jaribio hilo halina gharama.

Faida hiyo ina upande wake wa pili: kadiri goti linavyokwenda mbele, ndivyo mapaja na magoti yanavyobeba kazi iliyokuwa ya nyonga na mgongo, kwa hiyo mwenye magoti yanayouma aanze na uzito mdogo. Anayeweka chuma chini zaidi mgongoni na kurudisha nyonga nyuma mara nyingi huona soli bapa inamfaa vilevile.

Kuhusu saizi, vidole vipate nafasi ya kutanuka, kisigino kisichomoke, na mkanda ulio juu ya kamba ukaze bila kufisha ganzi. Unapohamia kuvuta chuma kutoka sakafuni, vua viatu hivi: kisigino kirefu hukusukuma mbele na kurefusha safari ya chuma.