Kura ya Harry Burn haikuwa barua tu

Wengi huisimulia hivi: tarehe 18 Agosti 1920, Harry Burn, mbunge wa miaka 24 katika bunge la jimbo la Tennessee, alisoma barua ya mama yake, akageuka ghafla, na wanawake wa Marekani wakapata haki ya kupiga kura. Barua hiyo ilikuwepo kweli. Mama yake, Febb, alimsihi aunge mkono haki hiyo.

Lakini kabla ya hapo, Burn alikuwa ameunga mkono mara mbili pendekezo la kuiweka kando hoja ya kuidhinisha marekebisho ya katiba ya kuwapa wanawake haki hiyo, marekebisho yaliyobakiza jimbo moja tu ili yapite, na mara zote mbili kura zikafungana, 48 kwa 48, pendekezo likashindwa. Zilifungana kwa sababu Banks Turner, mbunge wa chama cha Democratic, alikataa hoja kuzikwa. Bila Turner, Burn asingepata nafasi ya kubadili msimamo. Inasikitisha kwamba jina la Turner hutajwa kwa nadra.

Hoja ilipita kwa 49 dhidi ya 47. Kesho yake Burn alieleza sababu zake kwa maandishi: ushauri wa mama ulikuwemo, ila aliamini pia kwamba kupiga kura ni haki, na alitaka heshima hiyo iende kwa chama chake, Republican.

Wala kura hiyo haikummaliza kisiasa. Mwaka huohuo alichaguliwa tena, na baadaye akaingia seneti ya jimbo.