Drop ya Shelby: matundu mapya yanayoigeuza Mustang ya zamani

Ukikaa na mafundi wanaofufua Ford Mustang za 1965 na 1966, hutachelewa kusikia habari za drop ya Shelby. Ni kazi ya kuushusha mkono wa juu wa sospensheni ya mbele, yaani chuma kinachounganisha bodi na sehemu ya juu ya gurudumu, kwa inchi 1, kama milimita 25, kwa kutoboa matundu mapya kwenye bodi chini ya yale ya kiwandani. Springi na shokapu hubaki zilezile, ila kwenye kona gari huwa jingine kabisa.

Siri iko kwenye kemba, yaani namna tairi lilivyoinama ukilitazama kwa mbele. Likiinamia upande wa injini, kemba ni hasi. Likiinamia nje, ni chanya. Sasa kata kona ya kulia kwa kasi: bodi inalalia kushoto, na tairi la kushoto ndilo linalobeba mzigo. Bodi inapolala hulisukuma tairi hilo nalo liinamie nje, likanyage kwa ukingo tu. Kazi ya mkono wa juu ni kupinga jambo hilo, kwa kuvuta kichwa cha tairi ndani kadiri springi inavyobanwa.

Mkono wa Mustang haukuiweza kazi hiyo. Gari lilipozinduliwa Aprili 1964, sehemu nyingi za chini lilirithi kwa Falcon, gari la familia la bei nafuu. Mkono wa juu umefungwa juu mno kwenye bodi na kuteremka kuelekea tairi, hivyo tairi likipanda, ncha ya mkono huanza kwa kusukuma nje badala ya kuvuta ndani. Dereva anakata usukani, pua inang'ang'ania kwenda mbele, na ukingo wa nje wa tairi unaliwa. Ukishusha mahali mkono ulipofungwa, unakaribia kulala sawa, na tairi likipanda kichwa chake huvutwa ndani.

Aliyepiga hesabu hizi ni Klaus Arning, mhandisi wa Ford. Carroll Shelby, mjenzi wa magari ya mbio, alizitumia kwenye GT350 ya 1965, Mustang aliyoiongezea makali, na sifa zote zikamwendea yeye. Wachache husema drop ya Arning, na mimi naona hao ndio wanaotenda haki. GT350 nyingi za 1966 zilitoka bila marekebisho haya, maana kutoboa kila gari ni gharama.

Wengi huanza kwa kununua springi ngumu. Nisingeshauri hivyo: springi ngumu hupunguza bodi kulala, lakini njia mbovu ya tairi inabaki ileile.

Kabla ya kutoboa, badilisha bushi na boljointi (viungo vya mviringo vinavyoacha gurudumu lipinde) zilizochoka, na tumia kiolezo cha mwaka wa gari lako, kwa kuwa vipimo vilibadilika 1967. Springi lazima itolewe kwa kibano chake maalumu. Ikifyatuka inaweza kuua. Usishushe zaidi ya inchi 1 kienyeji, kwani gurudumu likining'inia boljointi hufika mwisho wa mzunguko wake na kukwama. Pua itashuka kidogo pia, kwa sababu springi imekalia mkono huohuo. Ukimaliza, peleka gari wili alaimenti kabla ya kuliendesha kwa kasi: kemba, kasta (mwinamo wa mhimili wa usukani ukilitazama gurudumu kwa ubavu) na uelekeo wa magurudumu vyote vitakuwa vimehama.