Jinsi ya kusoma vipimo vya madini ya risasi katika damu ya watoto

Mwaka 2015, baada ya kufungwa kwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichopakana na mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, watafiti walipima damu ya watoto wa mtaa huo walio chini ya miaka 5, wakailinganisha na ya wenzao wa mtaa wa Bangladesh, ulioko humu humu Mombasa lakini usio na kiwanda kama hicho. Wastani wa madini ya risasi Owino Uhuru ulikuwa mikrogramu 7.4 kwa kila desilita ya damu. Bangladesh ulikuwa 3.7.

Wastani huo ni wa kijiometri, unaokokotolewa kwa logi (logarithimu) za vipimo, hivyo hauvutwi sana na vipimo vikubwa mno. Watoto wengi huwa na viwango vya chini na wachache viwango vya juu mno, na hao wachache wangeuvuta juu wastani wa kawaida hata usioneshe hali ya walio wengi. Hata hivyo, wastani wowote ule humfunika mtoto aliyekutwa na mikrogramu 31, naye ndiye anayepaswa kufikiwa na daktari kwanza.

Bila mtaa wa pili, ingekuwa rahisi kudai kwamba risasi hiyo ilitokana na rangi za nyumba tu. Lakini mitaa miwili haifanani kwa kila jambo: mtoto aliyepungukiwa na madini ya chuma, kwa mfano, hufyonza risasi zaidi, kwa hiyo mtakwimu hana budi kuzingatia lishe kabla ya kukihusisha kiwanda na tofauti yote.

Kuhusu madhara, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2005, uliounganisha takwimu za watoto 1,333 kutoka tafiti 7, ulionesha kwamba risasi inapopanda kutoka mikrogramu 2.4 hadi 10 kwa desilita, alama za kipimo cha akili hupungua kwa 3.9, ilhali kutoka 10 hadi 20 hupungua kwa 1.9 zaidi. Yaani hasara kubwa hutokea katika viwango ambavyo zamani vilidhaniwa kuwa vidogo.

Kwa sababu hiyo, ninawasihi wazazi na wahudumu wa afya wasiichukulie mikrogramu 3.5, kiwango rejea cha Marekani cha risasi katika damu ya watoto tangu 2021, kuwa mpaka wa usalama. Kiwango hicho kilipatikana kwa kuwapanga watoto wa Marekani wenye umri wa mwaka 1 hadi 5 kulingana na vipimo vyao na kutenga asilimia 2.5 ya juu. Hakikutokana na kupima madhara, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama.